Hesabu Yangu Ilikuwa Sahihi

Kwa miaka minane nilikaa nyuma ya dirisha lenye nondo pale stendi kuu ya Moshi, nikipokea pesa za watu na kuzifunga kwenye bahasha za kaki. Nilikuwa karani wa vifurushi wa kampuni ya mabasi. Jina lake naliacha. Mwenye kampuni ni mzee wa watu, bado tunasalimiana kanisani, na mengi ya haya yananihusu mimi kuliko yeye. Abiria walituona watu wa mabasi. Sisi wa ndani tulijua kuwa siku basi likienda Dar na viti kumi vitupu, bahasha ndizo zilizonunua dizeli.

Kwa asiyekumbuka, mambo yalikwenda hivi. Mtu anakuja na pesa yake, anaihesabu mbele yangu, naihesabu tena, inaingia kwenye bahasha, napiga gundi, napitisha selotepu, halafu mimi na yeye tunasaini juu ya kifuniko ili ikifunguliwa njiani saini ikatike katikati. Naandika kwenye daftari la kaboni: mtumaji, mpokeaji, kiasi, namba ya gari. Saa kumi na mbili asubuhi basi linatoka, Himo, Mwanga, Same, abiria wanakula Korogwe, na kwenye saa tisa alasiri bahasha iko Ubungo. Lakini zilizokuwa zinakuja huku zilikuwa nyingi kuliko zilizokwenda. Mchaga yuko dukani Kariakoo, mama yake yuko Rombo au Kibosho juu. Kila mwisho wa mwezi kuna hela ya chumvi, Januari kuna ada, na Desemba hata usiseme. Bahasha ya 50,000 kushuka chini tulitoza 2,000. Kutoka hapo bei ilipanda na kiasi, mpaka mfanyabiashara wa milioni tatu analipa 20,000 bila kununa, kwa sababu benki ya siku zile foleni yake ingemla asubuhi nzima.

Simu za mkononi zilipoenea tulizishangilia. Hili nalikumbuka kwa aibu kidogo. Kabla yake mpokeaji alishuka kutoka mlimani kwa kubahatisha, anafika dirishani, anauliza kama kuna chake, hakuna, anapanda tena na nauli imekwenda bure. Kisha ikaja Nokia 1100, ile ya tochi, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na naamini sehemu nzuri ya hizo ilipitia Moshi. Mtoto akawa anampigia mama yake: nimetuma, gari ni ile ya saa moja, ingia mjini saa kumi. Usumbufu ukapungua, bahasha zikaongezeka. Miaka ile ya 2004 mpaka 2008 ndiyo tuliyonenepa. Mzee aliniletea simu ya ofisi na kuniambia kila bahasha ikifika nimpigie mwenyewe. Kitu kilichokuja kutumaliza tulianza kukitumia wenyewe, kwa furaha, na kilitupa faida kwanza.

Dalili zilikuwepo. Kwenye mwaka 2006 hivi alikuja dirishani dada mmoja muuza vitenge aliyekuwa akituma kwa nduguye kila wiki. Nikamuuliza mbona siku hizi haonekani. Akasema siku hizi ananunua vocha za elfu kumi, anazikwangua, anamsomea nduguye namba kwenye simu, na nduguye anamuuzia mwenye duka kule Marangu kwa pungufu kidogo. Nilimsimulia Mzee jioni ile tukacheka. Vocha ni ya kuongelea, nani atakula vocha? Leo nikikumbuka kicheko kile naona kwamba yule dada alikuwa ameshatufundisha somo zima bure: watu walikuwa tayari kukubali njia mbovu, yenye hasara, ili mradi pesa ifike papo hapo. Sisi tulijivunia usalama wa bahasha. Mwenye mtoto homa hakuwa anauliza habari ya selotepu.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Aprili 2008 Vodacom wakaileta kwetu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hata wenyewe walioiunda hawakulenga tulichokiona. Majaribio ya Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo ya vikundi kwa simu. Wahusika wakakuta watu wanatumiana pesa kwa mambo yao wenyewe. Kwa hiyo sitamlaumu mtu wa stendi kwa kutoliona jambo ambalo hata waliolizaa walilikuta njiani.

Mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha kweli. Mawakala walikuwa wachache, na hao wachache hawana floti, yaani pesa ya kuendeshea uwakala. Unakwenda kutoa laki mbili, anakuambia ana elfu sitini, rudi jioni. Mtandao unakatika. Bibi hajui namba ya siri ni nini, anamtajia kila mtu foleni nzima. Tulikuwa tunakaa pale dirishani tunahesabu vituko vya siku, na konda mmoja alikuwa hodari wa kuigiza wakala anayeshika simu juu akitafuta mtandao. Ukilinganisha vitu viwili vile kwa siku ile, bahasha ilikuwa bora kwa kila kipimo isipokuwa kimoja.

Nikisikia watu wanasema kampuni kubwa huanguka kwa sababu wakubwa wake ni wavivu au wanaogopa vitu vipya, huwa nanyamaza, maana namjua mmoja. Mzee wetu alipenda vitu vipya kuliko kijana yeyote pale stendi. Basi za Kichina zilipoanza kuingia alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuuza zake za zamani. Akaweka viti viwili kwa viwili, televisheni, kiyoyozi, soda na biskuti. Abiria wa nauli nzuri akilalamika kuhusu pazia, wiki ijayo pazia limebadilishwa nchi nzima. Tena yote hayo yaligharimu pesa nyingi kuliko uwakala wa simu. Tofauti ni kwamba aliyedai pazia alikuwa mteja wetu mzuri, ameshika hela mkononi. Aliyehitaji kutuma elfu nane usiku hakuwa amesimama dirishani kwetu, kwa sababu usiku dirisha lilikuwa limefungwa.

Mwaka 2009 alikuja kijana wa kampuni moja ya simu, shati limenyooka, anamtafuta Mzee. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukukiona: tuna ofisi Moshi, Himo, Same, Korogwe na Dar, tuna pesa taslimu kila siku, na watu wanatuamini na pesa zao tangu zamani. Akasema mkichukua uwakala katika ofisi zote hizi hakuna atakayewafikia barabara yote hii. Mzee alimpa chai, akamsikiliza vizuri, akamuuliza maswali ya maana. Alipoondoka Mzee akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye unayezijua bahasha. Nifanyie hesabu."

Nikafanya, na ninaikumbuka mpaka leo. Dirisha la Moshi lilikuwa linapokea wastani wa bahasha 70 kwa siku, kila moja ikituingizia kama 3,500 ukichanganya kubwa na ndogo. Hiyo ni 245,000. Uwakala ulikuwa unalipa kamisheni ya mia mbili, mia tatu hivi kwa muamala. Nikasema tuchukulie watu walewale sabini, tuwape mia tatu wote: 21,000. Hata moja ya kumi haifiki. Halafu kuna floti. Ofisi tano, milioni mbili mbili, ni milioni kumi zimelala kwenye simu, na milioni kumi wakati ule zilikuwa matairi ya mabasi mawili na chenji inabaki. Niliiandika kwa mistari miwili, upande huu bahasha, upande huu simu, nikapiga mstari chini kwa rula. Mzee aliisoma mara mbili akasema, "Umenisaidia sana."

Hesabu ile ilikuwa sahihi. Nimeirudia kichwani mara nyingi, sijapata kosa hata moja la kujumlisha. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa kwanza: niliweka bahasha 70 upande wa kushoto kana kwamba zitakuwepo pale tukikataa. Nililinganisha simu na bahasha za mwaka 2009. Nilitakiwa kulinganisha simu na bahasha za mwaka 2013, na hizo hazikuwepo. Lakini niambie karani gani anapeleka kwa bosi wake karatasi yenye mapato ambayo hayajapotea bado akiyaandika sifuri? Ningefukuzwa, na ningestahili.

Mzee hakuishia kwangu. Alikuwa mtu makini, akaamua kuwauliza wengine. Akawauliza wateja wakubwa, wale wa mitumba wa masoko ya Kiboriloni na Memorial waliokuwa wakituma mamilioni Kariakoo. Wakamwambia hiyo ya simu ni ya watoto wa shule. Wakala gani ana floti ya milioni tatu? Nigawe mara kumi? Kwa upande wao walisema kweli tupu. Akawauliza makonda na wakuu wa vituo. Hapo ndipo penye utamu.

Makonda walipinga kwa sauti moja. Wizi utaingia, polisi wataingia, kampuni itachafuka. Nilishangaa walivyojua mambo ya usalama siku ile. Baadaye sana, nimeshaondoka, mmoja alinieleza mwenyewe tukinywa chai: kila konda alikuwa na bahasha zake za mfukoni, zisizopita kwenye daftari langu. Mtu anamkabidhi njiani, Mwanga au Same, anampa elfu moja au mbili, na siku nzuri zinamzidi mshahara. Kuwauliza makonda kama tuhamie kwenye simu ilikuwa sawa na kumuuliza kuku kuhusu sikukuu. Na mimi nisijifanye mtakatifu. Wafanyabiashara walikuwa wananiachia hela ya soda ili bahasha zao ziende na gari ya kwanza. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ya kila siku, na siku nilipopiga ule mstari kwa rula soda ile ilikuwa mezani. Sikuiweka kwenye hesabu. Sikujua hata kama naifikiria.

Kwa hiyo kampuni nzima ilitoa jibu moja, kila mtu kwa sababu yake, na kila sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Mzee hakudanganywa.

Yaliyofuata hayakuonekana kama hasara, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Waliotangulia kuondoka walikuwa bibi zetu. Kulikuwa na benchi refu nje ya dirisha ambapo walikaa tangu asubuhi wakisubiri gari la Dar, na vikapu vyao, wengine hawajui kusoma, unaita jina mara tano. Bahasha zao zilikuwa za elfu kumi, elfu kumi na tano. Kazi yake ilikuwa sawa na ya milioni, maana ni daftari lilelile, selotepu ileile, na lawama ileile ikichelewa. Wajukuu walipowafundisha simu, au wakala alipofungua kijijini kwao Mkuu au Mamba, wakaacha kushuka. Nakumbuka bibi mmoja wa Old Moshi alikuja kuniaga kabisa, "aika mae," yaani asante kwa Kichaga, kana kwamba nahama mimi. Foleni ikapungua na mimi nikapumua. Mzee akatoa benchi, akaweka friji la soda, na friji likalipa kuliko benchi.

Na hesabu zikawa nzuri! Mwaka 2010 bahasha zilishuka kutoka 70 mpaka 45 hivi kwa siku, lakini wastani wa kila moja ukapanda mpaka 5,000 kwa sababu zilizotoka ni ndogo na zilizobaki zilizidi kuwa kubwa: 225,000. Mwaka 2011 zikawa 28, wastani 7,500: 210,000. Mapato yameshuka kidogo tu, kazi imepungua zaidi ya nusu. Niliandika kwenye ripoti kwamba tumebaki na wateja wenye uzito. Nilipongezwa, nikaongezewa mshahara.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimeshafungua kibanda changu cha uwakala wa simu, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi alikuja kutoa hela ya boom, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, mvua ikamzuia, tukaongea. Nikamsimulia habari ya wastani uliopanda. Akaanza kucheka, si kwa dharau, akasema hiyo ni habari ya nondo. Nikadhani ananitania. Akanieleza kwamba kuna profesa wa Harvard, Clayton Christensen, aliyechunguza kwa nini kampuni zinazoendeshwa vizuri huangushwa na vitu duni, na mfano wake mmoja ni viwanda vya chuma vya Marekani. Kulikuwa na viwanda vikubwa vinavyoanzia kwenye madini yenyewe, vikaja vidogo vinavyoyeyusha chuma chakavu kwa tanuri za umeme. Chuma cha vidogo mwanzoni kilikuwa hafifu, hakifai kitu ila nondo. Na nondo ndiyo iliyokuwa na faida ndogo kuliko bidhaa zote. Wakubwa wakaiachia bila kugombana, na wastani wao wa faida ukapanda. Wadogo wakaboresha, wakaja kwenye vyuma vya pembe na fito, wakubwa wakaachia. Wakaja kwenye mihimili ya majengo, wakaachia. Kila walipoachia ngazi ya chini vitabu vyao viling'aa. Bethlehem Steel, kampuni ya pili kwa ukubwa ya chuma nchini humo, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwaka 2001. Sababu zake zilikuwa nyingi, alisema, lakini ngazi ile ilikuwa mojawapo.

Mvua ikaisha akaenda zake. Nilibaki nikiangalia nondo za dirisha la kibanda changu.

Turudi stendi. Wale wafanyabiashara wetu wazito waliondoka kwa mkupuo, kati ya mwishoni mwa 2011 na katikati ya 2012, na wengi hawakuamua wenyewe. Mwenye jumla wa Kariakoo alianza kusema, nitumie kwa simu, nikiona ujumbe nafunga mzigo leo leo. Basi. Anayepokea ndiye anayeamua pesa ipite wapi, na sisi miaka yote tulikuwa tunambembeleza anayetuma kwa sababu ndiye aliyelipa nauli ya bahasha. Floti nayo ilikuwa imeshakua. Mawakala wakubwa walikuwa wamejaa mjini, na mabenki nayo, baada ya Benki Kuu kutoa mwongozo wake mwaka 2013, yakaja kuweka mawakala wao mitaani. Kitu kilichokuwa cha watoto wa shule kikawa na uwezo wa milioni tatu, na hakikuhitaji kurudi nyuma kuwaomba radhi.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo hakuna daftari lililoionyesha. Mtu aliyekuja kuchukua bahasha alikuwa ananunua na tiketi, anatuma ndizi na maparachichi kwa wanawe, anauliza gari la Desemba. Bahasha ilipokufa, na vifurushi vikasinyaa.

Mzee alipostuka alistuka kweli. Mwaka 2012 alipata laini za uwakala, akanikabidhi ya Moshi, akanipa floti ya milioni tatu, kubwa kuliko ya kibanda chochote pale. Watu wakidhani kuchelewa ndiko kulikotuua, mimi sina uhakika. Uwakala wenyewe bado ulikuwa mchanga. Kilichotuua ni kwamba tuliiingiza simu katika nyumba ya bahasha. Dirisha linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, linafungwa saa kumi na mbili jioni, wakati wakala jirani mwenye mwavuli anafunga saa nne usiku. Kila muamala niuandike kwenye daftari la kaboni, mteja asaini. Floti ikiisha nimpigie mhasibu, mhasibu ampigie Mzee, Mzee yuko gereji hasikii. Makonda wakadai posho kwa kuwa "wameachia" bahasha. Na mwisho wa mwezi ripoti yangu ikawekwa pamoja na ya tiketi na ya friji, na ya simu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, kwa hiyo kila kikao kilianza kwa kuniuliza mbona hii haileti kitu. Friji lilikuwa linanishinda! Miezi saba baadaye laini zikarudishwa.

Mwezi huohuo nikaacha kazi. Nilichukua akiba yangu, laki tisa, na laini moja, nikafungua kibanda hatua hamsini kutoka dirisha langu la zamani. Sikuwa na busara yoyote kumzidi Mzee. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, na kamisheni ya mia tatu ambayo kwake ilikuwa matusi, kwangu ilikuwa mboga. Mara mia kwa siku ikawa na ugali wake.

Ile Nokia ya ofisi aliniachia kama zawadi, ipo kwenye droo. Huwa naitazama na kufikiri kuhusu walioitengeneza. Kampuni iliyoanza Finland mwaka 1865 na kiwanda cha kusaga miti ya kutengenezea karatasi, ikaja kuuza mpaka mabuti ya mpira, ikajigeuza tena kuwa ya simu. Nani angesema hao hawajui kubadilika? Walikuwa na simu yenye barua pepe na kibodi kamili mwaka 1996, zaidi ya miaka kumi kabla ya iPhone. Mwaka 2013 wakakubali kuuza biashara yao ya simu kwa Microsoft. Tochi bado inawaka, lakini.

Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu niliona kitu sikukitegemea kukiona tena: bahasha. Wiki zile za mwanzo watu walirudi kwa makonda na pesa zimefungwa kwenye karatasi. Konda mmoja mzee alinipita akanionyesha kwa mbali, anacheka, "Dada, tumerudi!" Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30 na bahasha zikayeyuka tena. Lakini nakiri kwamba katika wiki zile nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika kwa ajili ya biashara. Nikawa nawaambia wateja bahasha si salama, zinaibiwa. Mimi, wa kusaini juu ya kifuniko.

Mwaka jana mtoto wa mdogo wangu, kijana wa Pasua, alikuja na wazo. "Mama mkubwa, tuwawekee mama ntilie na bodaboda lipa namba. Mteja anawalipa kwa simu, na wao wananunulia kwa simu hiyohiyo." Nikamwambia wakilipwa kwa namba na kununua kwa namba, nani atakuja kutoa pesa kwangu? Kutoa ndiko kunakonilisha. Akasema ndiyo maana yake. Nikachukua karatasi. Upande huu nikaandika kutoa, upande huu namba. Kamisheni yake ilikuwa ndogo mno, na kazi ya kutembea jua kali kumfundisha mama ntilie mmoja mmoja ni kubwa. Nikapiga mstari chini. Haikulipa.

Nilikaa na karatasi ile mpaka nikafunga kibanda. Asubuhi nikampa kijana laki tatu na simu, nikamwambia afungulie kwao Pasua, asije kufungulia hapa kwangu, na mahesabu yake asiniletee kabla ya mwaka kuisha. Akauliza kwa nini, nikamwambia hapa kuna daftari.

Ni miezi mitano sasa. Wiki iliyopita mama ntilie wa jirani yangu, aliyekuwa akija kutoa kila jioni kabla hajaenda sokoni Mbuyuni, hakuonekana siku nne mfululizo. Nilikwenda kumwangalia nikidhani anaumwa. Alikuwa anakuna nazi, mzima kabisa. Akaniambia siku hizi analipwa kwenye namba, na muuza mchele wake naye anayo, kwa hiyo hana haja ya kutoa. Nikamuuliza nani amemwekea.

"Kijana mmoja wa Pasua," akasema. "Mpole sana."